Fizi za Wanavijiji Zilivyosahihisha Vitabu vya Madaktari

Nyakahura ni kata ya Wilaya ya Biharamulo, mkoani Kagera, jirani na Ngara, kwenye barabara kuu inayotoka Lusahunga kwenda Rusumo. Malori ya mizigo ya Rwanda na Burundi hupita huko usiku na mchana. Kandokando ya barabara ya namna hiyo hukosi duka lenye sigara za kuuzwa mojamoja, soda na vinywaji vya kuongeza nguvu. Ukiiacha lami ukaingia migombani, utakuta mambo ya zamani zaidi: kiko, ugoro na rubisi, pombe ya ndizi.

Chukua watu wawili wa kijiji kimoja katika ukanda huu. Wana umri mmoja, wanachota maji kisima kimoja na wanakula ndizi na maharage yaleyale. Mmoja anafika miaka sabini na bado anamenya muwa kwa meno yake. Mwingine hajatimiza hamsini, meno yake ya mbele yameachana na yanacheza akitafuna. Jirani atasema huyu wa pili hapigi mswaki. Kwa muda mrefu, wataalamu wa meno duniani nao walitoa jibu hilohilo, ila kwa maneno marefu zaidi. Kilichowafanya warudi kwenye daftari zao ni vinywa vya wanavijiji wa Tanzania na Kenya, katika miaka ya 1980. Lakini habari yenyewe ilianza zamani, na mbali.

Kichwa cha kondoo

Mwaka 1656 tabibu wa London, Thomas Wharton, alichapisha kitabu kuhusu tezi za mwili. Humo alieleza mrija unaotoa mate chini ya ulimi. Miaka minne baadaye, mjini Amsterdam, kijana wa Kidenmark aitwaye Niels Stensen alikuwa akipasua kichwa cha kondoo kwa ajili ya masomo yake. Akapenyeza kijiti chembamba cha chuma kwenye mrija asioujua, na mara akasikia ncha yake ikigonga meno. Alikuwa amegundua njia ya mate ya tezi kubwa iliyo mbele ya sikio, inayomwaga ndani ya shavu karibu na magego ya juu.

Mirija hiyo miwili inaeleza jambo ambalo kila mtu anaweza kulipima sasa hivi. Pitisha ulimi nyuma ya meno yako ya mbele ya chini. Kama kuna mahali panakwaruza kama jiwe, huo ni ugaga. Sehemu nyingine ambapo ugaga hupenda kujijenga ni upande wa shavu wa magego ya juu. Sehemu zote mbili ziko mbele ya mlango wa mate, na hiyo si bahati mbaya.

Mtu mzima hutoa kati ya nusu lita na lita moja na nusu ya mate kwa siku. Zaidi ya asilimia 99 ni maji, lakini kazi kubwa iko kwenye hicho kidogo kilichobaki. Kuna baikaboneti inayozimua asidi. Kuna ute unaolainisha na kulinda ngozi ya ndani ya kinywa. Kuna kingamwili, na kuna vimeng'enya vinavyoua au kudhoofisha bakteria. Kimoja kati ya hivyo, lisozimu, kilielezwa na Alexander Fleming mwaka 1922, miaka sita kabla ya kuigundua penisilini. Kisha kuna kalsiamu na fosfati, madini yaleyale yanayojenga jino, ambayo hulirudishia jino kile ambacho asidi imekichukua.

Hapo ndipo mate yanapokuwa rafiki mwenye pande mbili. Kalsiamu na fosfati hizo hizo, zikikuta ukoga, ule utando laini unaoshika meno, umelala kwenye jino siku kadhaa bila kuondolewa, huugandisha na kuufanya ugaga. Ugaga una uso wa kukwaruza, na ukoga mpya hupata mahali pazuri pa kushika, karibu kabisa na ufizi. Mtu ambaye mate yake yana madini mengi na asidi kidogo anaweza kupata ugaga upesi, ilhali mwenzake anayesafisha kinywa vilevile anabaki na meno laini.

Mzee wa brandi

Mwaka 1683 mfanyabiashara wa vitambaa wa Delft, Uholanzi, Antoni van Leeuwenhoek, aliiandikia barua Royal Society ya London. Alikuwa hodari wa kutengeneza lenzi. Alikwangua utando mweupe uliokuwa katikati ya meno yake, akauchanganya na maji, akautazama, akaona viumbe vidogo vikiogelea. Kwenye mate yake matupu hakuviona. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza tofauti ilionekana: maskani ya bakteria ni ukoga ulioshika jino.

Hakuishia kwenye kinywa chake. Alitafuta mzee aliyeishi maisha ya kiasi, asiyegusa brandi wala tumbaku, lakini hajawahi kusafisha meno. Akatafuta pia mzee mwingine ambaye siku yake ilianza kwa brandi na kuendelea kwa divai na tumbaku. Alitaka kujua kama viumbe vile vinaweza kuishi katika kinywa kinachooshwa kwa pombe kutwa. Mate ya mzee huyo hayakumwonyesha jambo geni, na meno yake yalikuwa machafu kupita kiasi. Alipomuuliza kama huyaosha, mzee alijibu kwamba maji hayajawahi kuyagusa, kazi hiyo huifanya divai na brandi.

Tunaweza kucheka, lakini mfanyabiashara yule alikuwa ameuliza swali sahihi. Mate, uchafu, pombe na tumbaku aliviweka meza moja. Ilichukua karne tatu sayansi kuvikusanya tena.

Wanafunzi walioacha kupiga mswaki

Katika chuo cha tiba ya meno cha Aarhus, Denmark, Harald Löe na wenzake waliwaomba watu 12 wenye fizi nzima, wengi wao wanafunzi, waache kabisa kusafisha meno. Matokeo yalichapishwa mwaka 1965. Ndani ya siku 10 hadi 21 fizi za wote zilikuwa zimevimba. Walipoanza tena kusafisha, fizi zilirudi katika hali yake kwa muda wa kama juma moja.

Jaribio hilo lilikuwa safi kiasi kwamba likawa msingi wa ufundishaji. Tatizo lilikuwa hatua iliyofuata, ambayo jaribio lenyewe halikuipima. Wengi walihitimisha kwamba fizi iliyovimba ikiachwa itaendelea tu: ufizi utaachana na jino, mfupa wa taya utaliwa, jino litaanguka. Tayari katika miaka ya 1950 Mmarekani Albert Russell alikuwa ametunga kipimo cha magonjwa ya fizi, na takwimu zake zikaonyesha umri na uchafu wa kinywa kuwa karibu kila kitu. Wapimaji walipokuja Afrika na Asia wakakuta ugaga mwingi na fizi zinazotoka damu, waliandika kwamba watu wa huku wana ugonjwa mkali wa fizi. Kwa mantiki hiyo, mwanakijiji asiye na dawa ya meno alitakiwa kuwa kibogoyo akifika miaka hamsini.

Lakini vijiji havikujaa vibogoyo. Yeyote aliyekaa na bibi na babu zake aliliona hilo bila kipimo.

Mwaka 1986

Jibu lilitoka pande mbili mwaka mmoja. Löe alikuwa amewafuatilia wafanyakazi wanaume 480 wa mashamba ya chai ya Sri Lanka tangu mwaka 1970. Hawakuwa na desturi ya kusafisha meno, na wote walikuwa na ukoga, ugaga na fizi zilizovimba. Mwaka 1986 alichapisha hesabu. Asilimia 8 walikuwa wamepoteza kwa kasi nyama na mfupa unaoshika meno. Asilimia 81 walikuwa wakienda polepole. Asilimia 11 walibaki pale pale kwenye uvimbe wa fizi, hawakuendelea. Uchafu ulikuwa mmoja, hatima zikawa tatu.

Mwaka huohuo, watafiti wengine wa Aarhus, Vibeke Baelum, Ole Fejerskov na Thorkild Karring, walichapisha matokeo ya Watanzania wenye umri wa miaka 30 hadi 69. Karibu kila jino lilikuwa na ukoga, na ugaga ulikuwa mwingi. Hata hivyo vifuko virefu kati ya jino na ufizi, ambavyo ndivyo dalili ya mfupa kuliwa, vilikuwa vichache, na uharibifu mkubwa ulirundikana kwa watu wachache. Karibu hakuna aliyekuwa kibogoyo.

Mwaka 1988 kazi kama hiyo ilitoka Machakos, Kenya, ambako watu 1,131 wa umri wa miaka 15 hadi 65 walipimwa. Baelum na Fejerskov walishirikiana na Mkenya Firoze Manji, mtafiti wa afya ya kinywa aliyefanya kazi katika Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya. Wasomaji wa siasa za Afrika wanamjua zaidi kwa jambo jingine: ndiye mwanzilishi wa jarida la Pambazuka. Hitimisho la Machakos lilikuwa kwamba uharibifu wa mfupa usichukuliwe kuwa mwisho wa lazima wa fizi iliyovimba. Mwaka huohuo B. S. Lembariti, pamoja na Waholanzi Jo Frencken na Taco Pilot, walitoa matokeo ya watu wazima wa mjini na vijijini mkoani Morogoro, nao wakakuta ugaga umeenea kuliko vifuko virefu.

Upimaji wa Morogoro ulitumia utaratibu wa Shirika la Afya Duniani uliotangazwa mwaka 1982, na zana yake ni ndogo kuliko uma wa chakula. Ni kijiti cha chuma chenye kidoto cha nusu milimita nchani, na mchoro mweusi unaoanzia milimita 3.5 na kuishia 5.5. Mpimaji hukiteleza taratibu kati ya jino na ufizi. Mchoro wote ukionekana, hali si mbaya. Ukianza kuzama, kifuko kipo. Ukipotea wote, mfupa umeshaliwa. Hakuna umeme wala maabara, inatosha mkono mwepesi na mwanga wa dirishani.

Hivyo kitabu kikasahihishwa. Ukoga huvimbisha fizi za kila mtu, lakini meno huyapoteza wachache ambao mwili wao, mate yao na maisha yao vimeungana na ukoga dhidi yao. Swali likawa: ni nini kinawatofautisha wachache hao?

Kagera yapata masomo mawili

Sehemu ya jibu ilipita Kagera kwa njia ya misiba. Mwaka 1983 wagonjwa watatu wa kwanza wa Ukimwi waliotambuliwa Tanzania walikuwa katika mkoa huu, katika hospitali ya Ndolage. Kinywa kilikuwa miongoni mwa sehemu za mwanzo kuonyesha kinga iliyoshuka: utando mweupe kwenye ulimi na koo, mstari mwekundu kwenye ukingo wa fizi, na mara nyingine fizi kuoza kwa maumivu makali ndani ya siku chache. Kwa baadhi ya wagonjwa tezi za mate zilivimba na kinywa kikakauka. Dawa za kufubaza virusi zilipoanza kutolewa bure nchini mwaka 2004, matatizo hayo nayo yakaanza kupungua kwa waliozipata.

Msiba wa pili ulipita Rusumo. Tarehe 7 Aprili 1994 ilikuwa Siku ya Afya Duniani, na mada ya mwaka huo ilikuwa afya ya kinywa. Shirika la Afya Duniani lilitumia siku hiyo kuutangazia ulimwengu namna ya kuziba meno kwa zana za mkono bila mashine wala umeme, iliyoasisiwa Tanzania katikati ya miaka ya 1980 na Frencken yuleyule wa Morogoro. Siku hiyohiyo mauaji ya kimbari yalikuwa yameanza Kigali. Wiki tatu baadaye, tarehe 28 na 29 Aprili, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa kama saa 24 na kuingia Ngara. Kambi ya Benaco ikawa mji kabla ya kuwa na visima. Madaktari walipambana na kuhara damu na uhaba wa maji, na hakuna wa kuwalaumu kwamba meno yalisubiri.

Mazingira ya namna hiyo ndiyo yanayofundisha fizi inategemea nini. Mwili uliopungukiwa maji hupunguza mate mapema kabisa. Njaa hudhoofisha kinga. Hofu na kukosa usingizi huongeza homoni zinazodhoofisha uwezo wa fizi kujitetea. Katika Vita Kuu ya Kwanza, askari waliokaa kwenye mahandaki ya Ulaya walioza fizi kwa mchanganyiko huohuo pamoja na sigara. Kwa watoto wenye utapiamlo, hasa baada ya surua, ugonjwa wa fizi wa aina hii unaweza kugeuka kuwa noma, donda linalokula shavu. Mwezi Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani liliingiza noma kwenye orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahaulika.

Tumbaku inavyoficha, sukari inavyochochea

Msiba hauhitajiki, hata hivyo, ili mtu aingie katika kundi la wachache wanaopoteza meno. Maisha ya kawaida yanatosha.

La kwanza ni tumbaku. Katika miaka ya 1980 Jan Bergström wa Sweden alionyesha kwamba wavutaji hupoteza mfupa wa meno zaidi ya wasiovuta, huku fizi zao zikitoka damu kidogo. Nikotini hubana mishipa midogo ya damu na kudhoofisha askari wa mwili wanaopambana na bakteria. Matokeo yake mvutaji anakosa ile dalili ya damu kwenye mswaki ambayo ingemshtua. Anadhani fizi zake ni imara kwa sababu zimepauka na kukakamaa. Ugoro nao, ukiwekwa mahali pamoja chini ya mdomo mwaka hadi mwaka, huushusha ufizi na kuacha mzizi wa jino wazi.

La pili ni kisukari. Mwaka 1993 Löe aliandika kwamba ugonjwa wa fizi unastahili kuhesabiwa kuwa madhara ya sita ya kisukari, pamoja na yale ya macho, figo na mishipa. Sukari ikipanda kwenye damu, mate hupungua, vidonda huchelewa kupona na uvimbe wa fizi huwa mkali. Mambo huenda pia upande wa pili: fizi zilizovimba kwa muda mrefu huifanya sukari iwe ngumu kudhibitiwa.

La tatu ni ukavu wa kinywa wenyewe. Usiku tezi za mate karibu husimama, ndiyo maana kulala bila kusafisha meno kuna gharama kubwa kuliko kuruka usafi wa mchana. Baadhi ya dawa za shinikizo la damu, mzio na msongo wa mawazo hupunguza mate. Pombe kali hukausha. Mirungi, ambayo nchini Tanzania imepigwa marufuku lakini haiishi kutafutwa na madereva wa masafa, hukausha pia, na anayeitafuna huishushia soda ili kuondoa ukavu. Dereva anayekesha kwa sigara na vinywaji vya kuongeza nguvu, kisha akalala kinywa wazi kwenye lori, amewapa bakteria karibu kila wanachohitaji.

Mwezi Novemba 2017 wataalamu wa Marekani na Ulaya walikutana Chicago kupanga upya madaraja ya magonjwa ya fizi, na uamuzi wao ukachapishwa mwaka 2018. Anayevuta sigara 10 au zaidi kwa siku, au mwenye kisukari ambacho kipimo chake cha wastani wa sukari wa miezi mitatu kimefika asilimia 7, huwekwa kwenye daraja la hatari ya juu kabisa, hata kama ukoga wake ni wa kawaida. Yale yaliyoonekana Tanzania na Machakos miaka thelathini nyuma, kwamba ukoga peke yake hautoshi kueleza nani atapoteza meno, sasa ni kanuni ya kliniki.

Kilichobaki kufanywa

Sehemu ya elimu hii ilitoka vijijini kwetu, lakini imerudi kidogo mno. Tanzania ilipitisha sheria ya kudhibiti bidhaa za tumbaku mwaka 2003 na kuridhia mkataba wa kimataifa wa tumbaku mwaka 2007, ila sigara ya mojamoja bado inapatikana kirahisi kuliko ushauri wa kuiacha. Mtu wa kijijini humwona tabibu wa meno siku ya kung'oa tu, wakati ambapo hakuna tena cha kuokoa.

Wala si kila suluhisho lina bei. Mwaka 1990 na 1992 Manji na wenzake waliokuwa Uingereza waliripoti kwamba maji ya miti inayotumika Kenya kama miswaki yalizuia, katika maabara, vimeng'enya ambavyo bakteria wa fizi hutumia kula nyama. Mswaki wa mti ukitafunwa ncha ikawa laini, ukapitishwa kila jino ndani na nje hadi ukingo wa ufizi, unafanya kazi ya maana. Ugaga uliokwisha kuganda hauondoki kwa mswaki wowote, wala kwa mkaa, majivu au chumvi. Huo hukwanguliwa na tabibu wa meno.

Kwa msomaji wa Nyakahura, Rulenge au popote, mambo ni haya. Safisha meno kabla ya kulala hata kama asubuhi umeharakishwa. Kunywa maji ya kutosha. Kama unavuta au unaweka ugoro, usiyaamini macho yako kuhusu fizi zako, omba zipimwe. Kama fizi zinavimba mara kwa mara na unakojoa sana au una kiu isiyoisha, pima sukari. Kinywa kikikauka tangu uanze dawa fulani, mwambie aliyekuandikia, usiiache mwenyewe. Na damu ikionekana kwenye mswaki, nenda kituo cha afya wakati huo, usingoje jino litikisike. Fizi iliyovimba, ikisafishwa vizuri, inaweza kupona kwa kama juma moja. Mfupa ulioliwa haurudi wenyewe.